Mwenye Nukta Nyeupe

Jumapili, 7 Julai 2024

Jana tumemaliza matanga. Viti vya kanisa vimerudi kanisani, masufuria ya majirani yamerudi kwa majirani. Uani kumebaki majivu na nyasi zilizolala. Bénite amekaa kwenye ngazi za nyuma, kichwa kimenyolewa. Masikio yake yametokeza — masikio ya mama yake kabisa. Nywele zilikuwa zinayaficha.

Rébecca, mke wangu. Naandika jina ili mkono uzoee. Mwishoni mwa mwezi uliopita alikwenda kujifungua, presha ikapanda, hakurudi. Mtoto, wa kiume, alimfuata siku hiyohiyo. Wamelala katika sanduku moja. Nililitengeneza mwenyewe, kwenye atelie yangu ya useremala. Mafundi wenzangu walitaka kunisaidia, nikawaachia misumari tu.

Agar, dada yangu, amebaki kusugua masufuria yetu. Leo adhuhuri akaweka majivu na kitambaa chini.

— Jéthro, jana ulifanya nini?

Sikuelewa.

— Wembe. Miye nasimama na beseni ya maji kama nguzo ya umeme, weye unapeleka wembe kwa Katungu. Mbele ya batu yote.

Nikamjibu kwamba Katungu ametoka mbali, alikuwa amelia sana, alinyoosha mkono. Ningemnyima?

— Ndiyo, kaka. Ungemunyima.

Ni hivi. Bénite si wa damu yangu. Baba yake alikuwa Mumbere, mtu wa Mavivi, kule Beni. Aligongwa na lori wakati Bénite bado anatambaa. Rébecca akarudi Butembo na mtoto mgongoni, na mimi nikamwoa. Bénite alikuwa hajaanza shule. Ananiita papa, na sijui kama anamkumbuka papa mwingine.

Sasa, kwetu, siku ya kunyoa, matanga yakiisha, mtoto hunyolewa na songali wake, yaani shangazi, dada ya baba. Nyumba ya yule anayeshika wembe ndiyo nyumba ya mtoto. Agar alikuwa tayari anyoe yeye, mbele ya wazee, na mambo yangeisha kwa ukimya. Lakini Katungu, dada ya marehemu Mumbere, alikuwa amekuja na mama yake mzee, Vagheni. Akanyoosha mkono. Wembe ulikuwa kwangu. Nilimpa kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mgeni kikombe.

Nakumbuka wazee walinyamaza. Nilidhani wananyamaza kwa ajili ya Rébecca.


Jumanne, 9 Julai

Bénite ameniuliza nani atawalisha. Nilikuwa nimewasahau kabisa — wadudu wa Rébecca, kwenye baraza ya nyuma.

Nyumba zao nilizitengeneza mimi. Fremu za mbao, chandarua pande zote, mlango mdogo wenye kifungo cha koti. Miguu ya meza imesimama ndani ya makopo ya maji ili siafu wasipande. Rébecca alikuwa akifundisha biolojia sekondari, lakini hiyo ilikuwa kazi. Wadudu hawa walikuwa furaha yake. Jamii moja tu, hakutaka nyingine: Rhynocoris. Vitabu vyake vya Kifaransa vinawaita wauaji. Yeye hakulipenda neno hilo, alisema hapa kwetu limechoka. Aliwaita wawindaji.

Jamii moja, aina nyingi. Wote wana kichwa chembamba na mdomo kama sindano ya kushonea magunia, umekunjwa chini ya kidevu. Mdudu anakaa kimya juu ya jani, kiwavi anapita, sindano inafunguka. Halafu anangoja. Halafu anamnyonya taratibu, kiwavi anabaki ngozi. Ukimshika vibaya anakuchoma na wewe — nilichomwa kidole mara moja, nikashindwa kushika randa siku nzima. Rébecca alicheka, kisha akanipulizia kile kidole kama mtoto.

Kila tulipokwenda alibeba chupa. Segmentarius, mwenye mikanda, alimtoa kwenye maharage ya Kipese, tukiwa tumekwenda kuposa kwa ajili ya mdogo wake. Watu wanajadili mbuzi, yeye amepiga magoti shambani. Bicolor, mwekundu na mweusi, alimpata Mavivi kwenye kakao ya Vagheni, maana kila mwaka alimpeleka Bénite kumsalimia nyanya yake. Siku moja alikuja na chupa kanisani, ndani ya mkoba. Mke wa mchungaji akaona kitu kinang'aa, akanong'ona amgawie peremende.

Waliokufa wako kwenye masanduku yenye kioo, kila mmoja na pini yake. Walio hai wako kwenye chandarua. Bénite amekwenda kwa jirani kuomba viwavi vya kabichi. Jirani amefurahi sana.


Ijumaa, 12 Julai

Katungu amepiga simu. Sauti nzuri, ya heshima. Ameniuliza habari za usingizi, habari za kazi. Halafu: Mama anauliza Bénite atakuja lini. Nikasema likizo ni ndefu, tutakuja kusalimia.

— Shemeji, hapana kusalimia. Shule ya huku banaanza kuandika batoto mwezi ujao.

Nikasema nitafikiri. Nilipaswa kusema hapana. Neno hilo linanitoka kwa shida, hata mteja akitaka meza ya mvule kwa bei ya mkaratusi.

Mchana Bénite aliniita kwenye chandarua cha mwisho. Huko wako wa aina inayoitwa tristis. Weusi-weusi, hawana uzuri wa wale wa Kipese. Lakini Rébecca aliwapenda kuliko wote, kwa sababu kwao dume ndilo linalolinda mayai. Jike linataga juu ya shina la kijani, linakwenda zake. Dume linabaki limesimama juu ya mayai, miguu imetanuliwa. Haliwindi. Likipata kitu kikipita karibu linakula, kisipopita linakonda. Kuna nyigu wadogo sana, kama vumbi, wanakuja kutoboa mayai na kuweka yao ndani. Dume linageuka nao, upande huu, upande ule, mchana kutwa.

Kila dume ana nukta mgongoni. Rébecca alizipaka kwa rangi ya kucha, kwa kijiti cha meno. Ndiyo rangi pekee za kucha zilizowahi kuingia nyumba hii, na hakuna ukucha uliozionja. Aliye juu ya mayai ana nukta nyekundu. Mwingine ana nyeupe, anakaa pembeni juu ya fremu.

Tristis — nilimwambia Bénite ni kama triste ya Kifaransa. Mwenye huzuni.

— Ana huzuni juu ya nini, papa?

Nikasema labda ni rangi yake tu. Mzungu fulani zamani alimwona amekufa ndani ya sanduku, akampa jina bila kumwona akifanya kazi.

— Basi hakumujua, amesema Bénite.


Jumatatu, 15 Julai

Phinées amekuja. Alikuwa mwanafunzi wa Rébecca sekondari, sasa ni asistani chuo kikuu hapa mjini, amevaa viatu vilivyochongoka. Alilia mlangoni kabla ya kuingia, nikampenda kwa hilo. Anataka masanduku ya kioo yakae chuoni, yenye jina la mwalimu wake. Nimekubali. Tuliyafunga kwa blanketi la zamani. Alinionyesha kibandiko kimoja kimoja — Kipese, Butembo, Mavivi, Luofu. Aliyeandikwa Luofu hawezi kupatikana tena kwa sasa, alisema, watu wenyewe wamekimbia vita huko, nani atafuata mdudu.

Halafu akaona chandarua cha mwisho. Akachuchumaa. Akasema ingekuwa vizuri sana kuweka ndani ya alkoholi dume pamoja na mayai yake, kama lilivyosimama.

Bénite alikuwa nyuma ya mlango. Sikumwona, lakini nilisikia anaacha kupumua.

Nikasema hapana. Neno lilitoka lenyewe.

— Bila shaka, Papa Jéthro, bila shaka, alisema Phinées, akawa anajipangusa magoti.

Alipoondoka Bénite aliniletea chai. Ilikuwa na sukari nyingi mno. Nimeinywa yote.


Alhamisi, 18 Julai

Nukta Nyekundu amekufa. Bénite alimkuta asubuhi chini ya chandarua, miguu juu. Hakuna jeraha. Alikuwa mzee, nadhani, na kufunga kulimmaliza.

Mayai yamebaki wazi. Bénite hakutaka kunywa uji. Alikaa na unyoya wa kuku akifukuza nyigu, kila dakika. Nilimwambia atachoka. Akasema atachoka kesho. Nikamwonya pia juu ya yule mwingine, Nukta Nyeupe, maana wawindaji hawa hula hata wenzao, sembuse mayai ya mwenzao. Nilitaka kumtoa. Bénite akaweka mkono mlangoni.

— Ngoja. Mama alisema tungoje.

Tukangoja. Nilikuwa na dirisha la mtu la kumaliza, nikaliacha. Nukta Nyeupe alishuka kwenye fremu polepole, anasimama, anapapasa hewa kwa vipapasio vyake. Alifika kwenye shina. Alipanda. Aliyagusa mayai kwa ncha ya mdomo, moja, jingine. Nilifikiri, sasa anakula. Bénite alinishika suruali.

Akatanua miguu. Akasimama juu yake. Nyigu akaja, akageuka naye.

— Si yake, nikasema. Kijinga tu, neno lilinitoka.

— Haulizi, alisema Bénite. Mama alionaka mara nyingi. Anakaa tu, halafu majike banamuona ni mulinzi mzuri, banamuletea na yabo.

Alikwenda kula uji wake, umeshapoa, ngozi juu. Mimi nilibaki pale. Dirisha la mtu halikuisha leo.


Jumapili, 21 Julai

Kanisani tumejaa. Waliokimbia kutoka Luofu na pande zile wamekaa hata kwenye njia ya katikati, na mabegi yao. Agar amepokea familia mbili kwake. Anasema hajui tena sufuria ipi ni yake.

Baada ya ibada nilimwambia. Katungu amepiga tena. Safari hii hakuuliza usingizi. Mama yake anaumwa miguu, hawezi tena kuja Butembo. Nimlete mtoto wiki hii, tuongee kama watu wazima. Nisipokuja, watakuja wao, na wazee wa nyumba.

— Na weye ulisema nini?

— Nilisema tutakuja.

Agar alivua kiatu, akatoa kijiwe ambacho nadhani hakikuwemo, akavaa tena.

— Kaka yangu, utamupa wembe mara ya pili. Kwa mikono mibili, na sahani chini.

Nikamwambia yule mzee ni nyanya wa mtoto. Alimzika mwana wake, sasa amemzika na mkwe. Siwezi kumficha Bénite kama mbuzi wa wizi. Nitakwenda, nitaomba kwa mdomo wangu.

— Mudomo gani? alisema Agar. Lakini jioni alinitumia shuka safi ya safari na kuku mmoja wa zawadi, amefungwa miguu.


Alhamisi, 25 Julai

Wametotolewa. Asubuhi, jua likiwa limepita juu ya paa la jirani. Mayai yana vifuniko vidogo vyeupe, vinainuka kama vya sufuria. Wametoka wekundu, laini, wanatetemeka. Bénite alikuwa akiwahesabu, akapotea, akaanza upya, akaacha.

Nukta Nyeupe alibaki kati yao muda kidogo. Kisha alitoka. Alishuka shina, akavuka chandarua, akakamata kiwavi cha kwanza alichokutana nacho. Hakugeuka nyuma. Rébecca aliniambia zamani kuwa ndivyo ilivyo, wakishatoka kazi yake imeisha, na wasipotawanyika watalana. Sikumbuki kama wakati ule niliona jambo lolote.

Bénite hakusikitika. Alichukua kibiriti kitupu, akawabeba kidogo kidogo mpaka kwenye majani ya maharage nyuma ya choo. Na Nukta Nyeupe pia. Nilimwuliza hataki kubakiza hata mmoja?

— Tukienda Mavivi nani atabalisha?

Halafu, akiwa amenipa mgongo:

— Papa. Tutarudi bote mubili?

Nikasema ndiyo. Nilisema haraka, kama mtu anayelipa asidaiwe. Sijui kama ni kweli.


Jumamosi, 27 Julai. Mavivi

Tumefika. Vumbi mpaka kwenye meno. Tulikaa wanne nyuma, kuku miguuni. Kizuizini, baada ya Beni mjini, mwanajeshi aliingiza kichwa dirishani, akatazama kichwa cha Bénite kilichonyolewa, akatazama changu. Akaniuliza kwa Kilingala: Papa, oyo mwana na yo? Kama ni mtoto wangu.

— Ee, mwana na ngai.

Alifungua kamba tukapita. Bénite alitazama nje, lakini bega lake lilikuja likaegemea langu, likabaki hivyo mpaka uwanja wa ndege.

Huku ni joto. Kakao inaanikwa kila ua, harufu yake ni ya siki na mkate. Vagheni alikuwa amekaa mlangoni, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Hakusimama. Aliita tu, na Bénite akaenda, akapotea ndani ya vitenge vyake. Mzee alilia bila sauti. Kisha alimsogeza mbali, amtazame.

— Tembea, nione.

Bénite akatembea mpaka kwenye vichanja vya kakao na kurudi.

— Unaona? Vagheni alimwambia Katungu. Kidole gumba kinaangalia ndani. Ni Mumbere. Ni Mumbere anatembea.

Nimeishi na miguu hiyo miaka yote, nimeinunulia viatu, nimeitoa funza. Sikuwahi kuona kidole kinaangalia ndani. Nimeona sasa. Ni kweli.

Katungu alinikaribisha vizuri. Fufu, sombe, samaki. Amenitania kuwa watu wa Butembo tunakula kwa haraka kwa sababu tunaogopa duka litafungwa. Ni mwanamke mwema. Ingekuwa rahisi kama asingekuwa.


Jumapili, 28 Julai. Mavivi

Baada ya ibada walikutana. Wazee wa nyumba yao, Katungu, mama yake kwenye kiti cha mto. Mimi kwenye benchi, peke yangu upande wangu. Chini ya bati la baraza, joto linashuka kichwani. Ndege ilipita chini kabisa, tukangoja imalize, kisha wakaanza.

Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu aliongoza. Aliuliza kwa upole, kama daktari.

— Mutoto alinyolewa na nani?

— Katungu.

— Wembe ulitoka wapi?

— Kwangu.

— Kuna mutu alikunyanganya?

— Hapana. Nilimpa.

— Juu ya nini?

Nikasema: kwa sababu alikuwa analia.

Mmoja wao alicheka, si kwa ubaya. Akasema mtu mpole hivi ni hatari, atatoa hata nyumba mgeni akipiga chafya. Wengine wakatabasamu. Vagheni hakutabasamu.

Niliomba kusema. Nikasema Bénite alijifunza kusoma mezani kwangu. Nikasema anaogopa radi, na kwamba mtu akae tu karibu, asimshike. Nikasema homa yake huanza kwenye macho. Nilikuwa nimepanga maneno makubwa zaidi njiani, juu ya haki, juu ya sheria ya nchi. Yalipotea yote. Nilibaki na haya ya radi.

Vagheni ndiye aliyejibu.

— Jéthro, miye sikuchukii. Ulimulea muzuri, kila mutu anaona. Lakini weye ulipata Rébecca, mukacheka naye, mukala naye. Miye ya Mumbere nilibakia na nini? Picha moja, na haionekane sura. Ile mutoto ndio kila kitu alichoacha.

Wakakubaliana. Bénite ataanza shule huku. Mimi ni baba mlezi, mlango uko wazi, nije wakati wowote, nitapewa kitanda. Mwenye kofia alinipa mkono. Kuku wa Agar alichinjwa, na mimi nikapewa paja.

Bénite alisikia yote. Alikuwa nyuma ya pazia la mlango, niliona vidole vya miguu chini yake. Nilipokwenda kumtafuta alikuwa ameingia ndani ya kakao. Nilimkuta amechuchumaa mbele ya shina, hakulia. Alinionyesha kwa kidevu. Bicolor, mwekundu mwenye mweusi, kwenye tunda la kakao, sindano imekunjwa, anangoja.

— Uyu ni wa kwanza nimemuona bila Mama, alisema.

Tulikaa pale mpaka tulipoitwa. Alikuwa amenipa upande wa kivuli.


Jumatatu, 29 Julai. Mavivi

Asubuhi, kumepambazuka vizuri. Gari la Butembo limesimama barabarani mbele ya nyumba. Katungu alimwambia dereva jana, amenishikia nafasi ya mbele, ya heshima. Begi langu limekwisha kupelekwa, liko juu, limefungwa kamba.

Niliagana na kila mtu. Nilimuaga Bénite ndani, kwenye kitanda chake kipya. Alikuwa ameinama, hakuniangalia. Nilimwambia nitakuja mwisho wa mwezi ujao. Alisema sawa, papa. Nilitoka.

Kisha nilikaa kwenye benchi ya baraza. Nilitaka kufunga tu kamba za viatu. Nilizifunga. Sikusimama.

Dereva amepiga honi. Katungu ametoka, mikono ina unga.

— Shemeji, motokari inakungojea.

— Ninaiona.

— Umesahau kitu?

Nikasema hapana. Akangoja. Nikamwambia vichanja vyao vya kakao vimelegea miguu, vitatu havitamaliza msimu, na mtu aliyevitengeneza alitumia misumari mifupi. Akatazama vichanja, akanitazama. Alisema huyo mtu alikuwa mume wake. Nikamwomba radhi. Alitaka kucheka, akajizuia, akaingia ndani. Nikasikia anaongea na mama yake kwa Kinande, kwa sauti ya chini. Sauti ya mzee ikasema jambo fupi.

Nimetoa karatasi hii kwa sababu mikono haina kazi. Naandika juu ya goti.

Abiria wameanza kunung'unika. Mama mmoja ndani ya gari ameuliza kwa nguvu huyu baba anangoja askofu? Wenzake wamecheka. Mimi pia ningecheka. Mwenye kofia ya sufu amepita na jembe, amenisalimia kama mtu asiyeona lolote, halafu amesimama mbele kidogo, amerudi nusu ya njia, amekwenda tena.

Sijui ninafanya nini. Sijakataa neno lao. Sijapigana na mtu. Miguu tu haitaki.

Vagheni ametoka. Ametembea mwenyewe, ameshika ukuta. Amekaa mwisho mwingine wa benchi, pumzi inampiga. Tunatazama gari, sote wawili, kama watu wanaotazama mvua. Baada ya muda:

— Itakuacha.

— Ndiyo, mama.

— Na begi yako itaenda.

— Itafika kwa Agar.

Amejikuna goti. Hajaniambia niende. Hajaniambia nibaki. Dereva ameshuka, anapanda juu ya gari, sijui kulifungua begi langu au kulikaza.

Pazia limefunguka nyuma yetu. Sijageuka, lakini mzee amegeuka, na namwona anatazama chini, kwenye miguu ya mtoto. Anatazama muda mrefu.

Nageuka na mimi: Bénite amevaa viatu vya safari. Hakuna aliyemwambia avivae.